Wakuu naombeni ushauri: Spider-Man au Batman Arkham Knight, ipi imetengenezwa vizuri zaidi?

Dogo wa Mbagala (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja maana hili jambo linaninyima usingizi. Nataka kuchukua gemu ya masupahiro na hela inatosha moja tu kwa sasa, kati ya Spider-Man ile ya 2018 na Batman Arkham Knight ya 2015. Zote nimecheza kwa mshkaji. Spider-Man ule ubembeaji jamani, unashika kitufe cha R2 utando unanasa kwenye jengo kabisa, ukiachia ukiwa chini ya bembea unarushwa mbele kwa kasi, ukichelewa ukaachia juu unapaa, yaani hata kusafiri tu kwenda kwenye misheni ni raha. Batman nae ana mapigano yake yale. Naombeni mnichambulie nguvu na udhaifu wa kila moja, ushabiki wa Marvel (wenye Spider-Man) na DC (wenye Batman) tuuweke pembeni. Nataka kuamua kabla wiki haijaisha.

Fundi Waya
Batman, wala sijiulizi mara mbili. Rocksteady wa London, watengenezaji wake, walitoa ule mfumo wa ngumi mwaka 2009 kwenye Arkham Asylum na mpaka leo wenzao wanauiga, hata hiyo Spider-Man yako. Kwenye pedi mraba unapiga, pembetatu unazuia, duara unamzuzua mtu kwa joho. Basi. Anayekuja kukupiga anatokewa na alama juu ya kichwa, kwahiyo ukipigwa hukuangalia, huwezi kuilaumu gemu. Ukibonyeza hovyo hovyo kombo, yaani mfululizo wa mapigo, inakatika, inakulazimisha utulie. Halafu vile vyumba vya kuvizia, wewe uko juu ya sanamu, wenye bunduki wako chini, unaondoa mmoja mmoja, na waliobaki wanaanza kutetemeka wanafyatua risasi kwenye giza. Batman risasi zinamuua haraka ndio maana anajificha, na woga wa wale jamaa ndio silaha yako. Hapo shujaa na gemu vimekuwa kitu kimoja.

Binti Kigamboni
@Fundi Waya mbona gari la Batman umeliruka? Arkham Knight kila ukianza kunogewa na kuvizia unaitwa ukapigane vita vya vifaru na lile gari, tena na tena mpaka mabosi wengine, wale maadui wakubwa, unapambana nao humo humo ndani ya gari. Na ukitaka kuona mwisho kamili lazima umalize mafumbo yote ya Riddler, yule adui wa Batman, 243, nani ana muda huo. Halafu ile miwani ya upelelezi, tangu gemu ya kwanza, unaona maadui kama mifupa kupitia ukuta. Inasaidia kila mahali kwahiyo watu hawaizimi, wanacheza gemu nzima kwenye rangi ya bluu na mji waliouhangaikia kuuchora hawauoni.

Spider-Man nayo isijifiche. Umetoka kuruka Manhattan nzima, ghafla wewe ni Mary Jane, mpenzi wake, unanyata nyuma ya makasha, ukionekana unarudi nyuma. Na uhalifu wa mtaani ni ule ule kila kona. Lakini ukidondoka kutoka ghorofani haumii wala hafi, na huo ndio uamuzi bora kuliko yote humo, maana unathubutu chochote.

Mzee wa Pedi
Nyie mmekuta kila kitu tayari. Sisi tumecheza Spider-Man 2 ya Treyarch kwenye PS2, mwaka 2004, na utando lazima unase kwenye jengo, ukifika sehemu haina majengo unatembea kwa miguu kama raia. Kuna mtoto analia puto lake limepaa unalikimbiza mpaka juu ya maghorofa. Nilikuwa nacheza kwa kaka yangu Magomeni, umeme ukikatika tumepoteza kila kitu tunaanza upya na hakuna anayelalamika. Vijana wa sasa mnataka kila kitu kiwe rahisi. Dogo tafuta kazi kwanza, gemu zipo tu.

Kiongozi wa Jukwaa
@Dogo wa Mbagala unachezea mashine gani? Na kwanini kabla wiki haijaisha, kuna nini wiki ijayo?

Dogo wa Mbagala
Ni PS4 mkuu. Wiki ijayo kuna sehemu naiweka.

Kiongozi wa Jukwaa
Sehemu ipi? Gemu ya kucheza nyumbani haina tarehe ya mwisho. Sema yote tukushauri vizuri.

Dogo wa Mbagala
Sawa mkuu. Ni kibanda cha gemu. Nimepata frem karibu na stendi, PS4 mbili za mtumba, na mama amenichukulia mkopo kwenye kikoba chao. Advansi nimeshatoa. Msinishambulie, nimefikiria. Vibanda vyote vya huku ni mpira tu, FIFA FIFA FIFA, mimi nataka mtu apite aone kitu tofauti kwenye skrini. Tena juzi nimepita kwa jirani dogo anacheza Spider-Man 2, ile mpya, kwenye PS4, anapaa na mabawa ya utando juu ya jiji, nyuma yake watu wamejaa. Kwahiyo soko lipo.

Binti Kigamboni
Sasa hilo ni swali jingine kabisa. Zote mbili ni za mtu mmoja. Hakuna pedi ya pili, Arkham Knight haina na Spider-Man haina. Kibandani watu wanalipia mechi, wawili wanaingia, mmoja anafungwa anaachia pedi, mwingine anakaa. Hizi stori zake ndefu, mteja analipa nusu saa, dakika kumi zote anaangalia watu wanaongea, na kesho akirudi anakuta mwenzake ameshavuka alipoishia. Yale yale tuliyokuwa tunayasifu huko juu, stori, kuvizia, kutulia, kwenye biashara yako yanakufunga.

Bahari ya Likoni
Ndugu yangu salamu kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa na sehemu kama hiyo hapa Likoni. Spider-Man niliiweka, watu walisimama kweli, lakini walisimama bure! Watazamaji kumi, analipa mmoja, na yeye mwenyewe hafanyi misheni, anabembea tu. Iliyoniokoa ni Injustice 2, ya NetherRealm ya 2017. Masupahiro wote wamo, Batman, Superman, Flash, na ni ngumi za watu wawili. Mazingira yenyewe ni silaha, gari lipo pale pale lakini mwenye nguvu analiinua analitupa na mwepesi analitumia kurukia. Halafu ile super ya Flash, yaani pigo lake kubwa kuliko yote, anamkimbiza mtu kurudi nyuma ya wakati, anamgonga kwenye Sphinx ya Misri, anampeleka mpaka kwa dinosaria, halafu anamrudisha. Mara ya kwanza mtaa mzima ulipiga kelele. Ubaya wake super hauwezi kuiruka, jioni ukishaiona mara mia unachoka, ila mteja hachoki.

Dogo wa Mbagala
Nashukuru kaka wa Mombasa lakini ngumi tayari Mortal Kombat zipo kwa jirani. Mimi naamini Spider-Man italipa nikiweka kwa dakika badala ya mechi. Yule dogo wa mabawa alikuwa analipa na haondoki.

Chuma cha Pua
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Spider-Man 2 yenye mabawa imetoka Oktoba 2023 kwa PS5 peke yake, kompyuta wameipata Januari 2025. Kwenye PS4 HAIPO. Huyo dogo wa jirani aliicheza kwenye nini? Mwanzo ulikuwa unachagua gemu moja ya kucheza, mara frem, mara kikoba cha mama. Kesho utasema mtu akutumie hela ya kumalizia.

Mzee wa Pedi
Nilihisi tangu mwanzo. Kijana anayekosa usingizi kwa ajili ya Batman!

Fundi Waya
Mimi nimeandika aya nzima ya ngumi kwa ajili ya chai? Bado nasimamia nilichosema lakini.

Binti Kigamboni
Chuma tulia. Inawezekana aliona Miles Morales ya 2020, hiyo PS4 ipo na watu wengi wanaiita ya pili. Mabawa ndio sielewi. @Dogo ulijuaje ni Spider-Man 2?

Dogo wa Mbagala
Sijamuomba mtu hata shilingi humu. Mabawa niliyaona kwa macho yangu, mashine sikuiona, ilikuwa chini ya meza. Aliyeniambia ni PS4 ni huyo anayeniuzia, zile mashine mbili ninazochukua ni kama hiyo na amesema Spider-Man 2 imo ndani tayari. Ndio maana nauliza ninunue diski ipi nyingine.

Chuma cha Pua
Ehee. Basi nafuta chai. Hapo wewe ndiye unayepigwa dogo, anakuuzia gemu ambayo hiyo mashine haiwezi kuibeba.

Dogo wa Mbagala
Ni mtu wa mtaani namfahamu, labda amechanganya majina.

Kiongozi wa Jukwaa
Labda. Ndio maana unatakiwa kuwasha kabla ya kumalizia malipo. Usiulize imo au haimo, mwambie aifungue mbele yako. Ukiona kijana peke yake kwenye theluji ya Harlem, hiyo ni Miles Morales, nzuri tu lakini fupi, na bei ishuke. Chomeka pedi mbili kwa pamoja, sukuma vijiti halafu achia, mtu wa kwenye skrini akiendelea kutembea mwenyewe pedi imekwisha. Sikiliza feni dakika ishirini. Diski uchukue ya mtumba, iingie, itoke, iingie tena.

Bahari ya Likoni
Na akikuwekea ile ya Avengers ya 2020 kama nyongeza usiifurahie sana. Imejengwa kwa kuokota vifaa vyenye asilimia ndogo ndogo, unamcheza Iron Man huku unalinganisha namba, na tangu 30 Septemba 2023 hata mtandaoni hawaiuzi tena.

Dogo wa Mbagala
Nimewasikia. Jumamosi naenda kuziwasha zote mbili. Mashine moja nitaweka Injustice 2 kama kaka alivyosema. Ya pili naweka Spider-Man ya 2018, hapo sitoki, hata kama wanasimama bure wacha wasimame, wakichoka kusimama watakaa.

Bahari ya Likoni
Sawa, ila iweke ndani, skrini isionekane kutoka barabarani. Ya barabarani iwe Injustice. Na kwenye Injustice zima nguvu za vifaa, vile vinavyomuongezea mhusika nguvu, kwenye mechi za watu wawili, la sivyo wewe mwenye mashine utakuwa na Batman wa chuma na wateja watasema unawaibia.