Tupeane uzoefu: chai, vidonge na dayati za kupunguza mwili

Mama Shamim, Bombo: Ndugu zangu, naanza na yangu kabla hamjanicheka. Mwaka jana, harusi ya mdogo wangu ikikaribia, nilinunua chai ya "slimu", ya kukata tumbo, shilingi 70,000 kwa siku 14. Muuzaji aliapa ni majani matupu. Siku ya nne nikapanda teksi kwenda mjini nikidhani tumbo limetulia. Kufika Kawempe, jamu. Tumbo likanguruma mpaka abiria wa mbele akageuka. Nikamwambia kondakta anishushe hapo hapo, chenji sikungoja, nikaingia mbio kwenye hoteli ya watu. Mama aliyekuwa anamenya matoke hakuuliza kitu, alinionyesha choo kwa kisu tu.

Mzani wa yule kijana wa barabarani ulisema nimepungua kilo tatu. Nikatamba! Nilipoacha chai zikarudi zote, na harusi bado. Ndipo nikasoma yale maandishi ya sisimizi kwenye pakiti: senna. Kumbe sanamaki, ile ile bibi alitunywesha tukifunga choo. Nayo inafanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kimeshafyonzwa huko juu. Yaani nililipa 70,000 kumwaga maji. Nani mwingine? Msijifiche.

Fundi wa Ndeeba: Mama, mimi nilitumia orlistati, ya duka la dawa kabisa. Inazuia karibu theluthi ya mafuta unayokula yasiingie mwilini. Yanatokea wapi, sikuuliza. Alhamisi usiku nikala chipsi na kuku wa kukaanga, Ijumaa nikavaa kanzu nyeupe. Naishia hapo.

Mama Shamim, Bombo: Banange 😂😂

Dada wa Busia: Yangu haichekeshi. Vidonge vya kopo la kijani, "miti shamba asilimia 100". Hamu ya kula ilikatika siku ya pili, nikasema dawa ndiyo hii. Halafu usingizi ukapotea. Usiku nalala chali nasikia moyo unagonga kwenye godoro, mdomo mkavu kama nimelamba majivu. Kwenye kliniki presha ilikuwa juu, mimi ambaye sijawahi kuwa na presha. Daktari akaligeuza kopo: jina la kiwanda hakuna, namba ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, hakuna. Akaniambia kuna dawa iitwayo sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na mpaka leo watu wanaichanganya kwa siri kwenye vidonge vya "asili". Kama ndiyo niliyomeza siwezi kuapa, hakuna aliyeipima. Lakini tangu siku hiyo, kitu cha majani kikinikatia njaa ndani ya siku mbili, nakiogopa.

Afya Tele: Wapendwa, mpango wa siku 21, matokeo ya uhakika, njooni inboksi.

Fundi wa Ndeeba: Wewe hebu pita na kopo lako.

Mwalimu, Jinja: Mimi niliacha wanga kabisa. Wiki ya kwanza kilo nne! Sikujua kwamba wanga uliohifadhiwa mwilini hushikana na maji, kama gramu tatu kwa kila gramu moja, kwa hiyo ukiisha na maji yanaondoka. Mafuta yenyewe yapo tu, yanakutazama. Wiki ya tatu nikaenda kwenye mazishi kijijini, nikawekewa matoke na mchuzi wa karanga mbele ya wazee. Ungekataa wewe?

Kilichonisaidia hakina hata jina. Sahani zetu mnazijua: matoke, posho (ugali), wali, viazi na mhogo vyote pamoja, nyama vipande viwili. Sasa nachagua kimoja, najaza dodo (mchicha) na maharage, soda ni ya sikukuu. Kilo sita kwa miezi minane. Hakuna atakayenunua hilo kwa 70,000.

Jaja wa Masaka: Wanangu, mnaposema "slimu", yaani wembamba, mimi nasisimka. Miaka ya 1980 huku kwetu hilo ndilo lilikuwa jina la ukimwi. Mtu alikonda, majirani wakanyamaza. Ndiyo maana mkipungua tunawauliza kama mnaumwa. Juzi mjukuu wangu kaniletea pakiti, neno lile lile kwa herufi za dhahabu. Nikamwuliza kama anajua alichoshika.

Dada wa Busia: Akasemaje, Jaja?

Jaja wa Masaka: "Ni chai tu." Nimeiweka juu ya kabati, bado ananiomba.