Ha-Go, Ke-Ni au Ka-Mi: nichukue modeli ipi?

Mnyororo_Dom: Wakuu, naomba ushauri. Nataka modeli ya plastiki ya kifaru chepesi cha Japani cha Vita vya Pili. Nimebakiwa na tatu: Aina ya 95 Ha-Go, Aina ya 98 Ke-Ni na Aina ya 2 Ka-Mi. Kuna ndugu anarudi kutoka Dubai wiki ijayo, nimwagize. Ipi?

Fundi_Gundi: Skeli gani mkuu, yaani imepunguzwa mara ngapi kutoka kifaru halisi? Bajeti? Bila hayo tunapiga ramli.

BabuDeraya: Ha-Go, usihangaike. Tani 7.4, dizeli ya Mitsubishi ya kupozwa kwa hewa, mzinga wa milimita 37, na vilitengenezwa zaidi ya 2,000. China kilikuwepo, Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) kilikuwepo, kisiwa cha Tarawa kule Pasifiki kilikuwepo. Kwenye mashamba ya mtama ya Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, kiliyumba vibaya, maana nafasi kati ya magurudumu ililingana na ile ya matuta. Wakachomeka kigurudumu kidogo katikati ya kila jozi. Ukikuta boksi lenye toleo hilo, usiliache.

Zuhura254: Babu, wingi si ubora. Deraya yake nene kabisa ni milimita 12. Na kamanda yuko peke yake mnarani, kile kibanda cha juu chenye mzinga: atazame adui, ajaze, alenge, apige, atoe na amri! Ke-Ni iliweka watu wawili mnarani.

BabuDeraya: Ke-Ni ilipigana wapi? Uzalishaji ulianza 1942, vikatoka kama 100, vikabaki Japani kungoja uvamizi. Chuma kilishakwenda kwenye ndege na meli.

Kijana_Mpya: Samahani wakubwa, inakuwaje Aina ya 2 ije baada ya Aina ya 98?

Zuhura254: Ni kalenda yao ya kifalme, mdogo wangu. 95 ni mwaka 2595, yaani 1935. 2 ni 2602, yaani 1942.

Fundi_Gundi: Ka-Mi niliagiza mtandaoni mwaka juzi. Kile ni cha jeshi la majini, kina maboya mawili, mbele na nyuma, ya kuachwa kikifika ufukweni. Boya la mbele lilikuja limepinda. Nikaliloweka maji ya moto, likapinda upande wa pili. Mnyororo ni vipande vidogo, kimoja kimoja, na fremu moja ya vipande hivyo haikuwemo kabisa. Nimemwandikia muuzaji mara tatu, kimya. Mpaka leo kimesimama na mnyororo mmoja. Hakikisha ndugu yako anafungua boksi palepale dukani.

Mnyororo_Dom: Skeli 1/35. Bajeti bado naipigia hesabu. Sikusema sababu: babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), Divisheni ya 11, bonde la Kabaw kule Burma, 1944. Alikuwa akitusimulia matope tu, na kifaru kidogo cha Mjapani alichokikuta kimezama njiani. Nataka kile.

Zuhura254: Jamani, ungesema mapema. Basi Ka-Mi na Ke-Ni toa.

BabuDeraya: Aliwahi kusema mnara ulikaa upande gani? Wa Ha-Go umesogea kushoto, wa Chi-Ha, kifaru chao cha wastani, kulia.

Mnyororo_Dom: Alituchorea mchangani. Ngoja nimpigie shangazi, huenda anakumbuka.