Njia za kukimbia Lucca na milima yake, kwa anayetoka Nakuru

Kutoka: Lanet, Nakuru

Salamu wadau. Nitakuwa Lucca, Italia, kuanzia katikati ya Septemba hadi wiki ya pili ya Desemba. Mazoezi ya sasa ni kilomita 70 kwa wiki, nyingi kwenye barabara za vumbi, na Jumamosi kupanda mlima wa volkeno wa Menengai. Natafuta njia za vilima vyenye msitu na mizeituni ambazo nitafika bila gari. Ramani ya simu inaonyesha vijia kama nyuzi za buibui, sijui kipi ni cha watu wote na kipi kinaishia kwenye geti la mtu. Na viatu je?

Kutoka: Lucca

Karibu kaka. Pumzi isikutie wasiwasi: Nakuru ni mita 1,850 hivi, Lucca haifiki 30. Wa kwetu hawakwami kwa kupanda. Hukwama kwa kushuka, na kwa kutojua leo ni siku gani.

Siku nyepesi kimbilia juu ya kuta za mji wa zamani. Mzunguko ni kilomita 4 na kidogo, tambarare, una miti na magari hayapiti. Usiku kuna taa. Desemba utaushukuru.

Ya pili inaanzia nyuma ya stesheni ya treni, upande wa San Concordio. Hapo kuna mfereji wa maji wa zamani uliojengwa juu ya matao, zaidi ya 400, umenyooka kama rula kwa kilomita 3 hivi hadi Guamo chini ya milima. Fuata matao. Barabara kuu ya A11 imeukata mstari huo, unavuka kwa daraja la waenda kwa miguu. Ukishafika Guamo njia inaingia msituni hadi kwenye chemchemi, na kuanzia hapo ndipo mlima wenyewe unapoanza.

Mlima huo ni Monti Pisani, ulio kati ya Lucca na Pisa. Kilele chake, Monte Serra, kina mita 917 na minara ya mawasiliano, kwa hiyo huonekana kutoka mbali. Upande wa Pisa ndio wenye mizeituni hasa: Calci, Buti, Vicopisano. Chini ni mizeituni juu ya matuta ya mawe yaliyopangwa bila saruji, juu yake misonobari na mti wanaouita castagno. Matunda ya castagno hukaa ndani ya ganda lenye miiba kama nungunungu, na Oktoba maganda hayo hujaa njiani. Ukianguka, usitangulize viganja. Kutoka Calci hadi kileleni unapanda karibu mita 850, ni karibu mara mbili ya kutoka mjini Nakuru hadi ukingo wa Menengai, kwa hiyo usiifanye wiki ya kwanza. Anza na ngome ya Verruca, mita 537, kisha rudi. Lami ya Monte Serra waachie waendesha baiskeli, wanateremka kwa kasi na hawatarajii mtu kwenye kona.

Upande wa Calci, moto wa Septemba 2018 uliteketeza zaidi ya hekta 1,000. Palipoungua kivuli ni haba na mvua imechimba njia, mawe yamebaki yamelegea. Ramani bado inaweza kukuonyesha msitu pale.

Kuhusu kijia kipi ni cha watu: tafuta alama ya rangi nyekundu na nyeupe iliyopakwa kwenye jiwe au shina, yenye namba. Hiyo ni njia ya chama cha wapanda milima cha Italia, CAI. Ukipita njia panda na usione alama ndani ya mita 200, rudi. Kibao cha *proprietà privata* maana yake shamba la mtu, geuka. *Divieto di caccia* ni marufuku ya kuwinda tu, wewe pita.

Kutoka: Siena

Naongezea la siku, kwa sababu dada wa Lucca amelitaja na kuliacha.

Msimu wa kuwinda huanza Jumapili ya tatu ya Septemba na kwisha 31 Januari, yaani karibu muda wako wote. Sheria ya Italia imefunga uwindaji Jumanne na Ijumaa. Kwa hiyo panga hivi: mbio ndefu za msituni Jumanne au Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili kaa kwenye kuta, kwenye matao au kwenye barabara za mashamba. Najua Jumamosi ndiyo siku ya mbio ndefu kote kwetu, ila hapa ndiyo siku ya kundi la watu wenye bunduki na mbwa kusaka nguruwe mwitu. Ukikuta kibao cha *battuta al cinghiale in corso*, msako unaendelea: usijipe moyo kwamba utapita haraka, rudi ulikotoka. Hata Jumanne vaa fulana ya rangi ya chungwa, kwa kuwa vibali vya kupunguza nguruwe hutolewa nje ya ratiba. Nyeusi na kahawia ziache nyumbani.

Mizeituni huvunwa Oktoba na Novemba. Utakuta nyavu zimetandazwa chini ya miti, wakati mwingine hadi katikati ya njia. Usikanyage. Zeituni juu ya wavu ni kama gololi juu ya sakafu, mguu wa mbele unateleza na ule wa nyuma unanaswa kwenye matundu. Tena zeituni iliyopasuka huharibu mafuta, na mwenye shamba ana haki ya kukupigia kelele. Zunguka kwa juu, sema *buongiorno*, subiri akuoneshe pa kupita. Na usiruke kutoka tuta moja hadi jingine: jiwe la juu la ukuta halijashikwa na kitu, likitoka linavuta mengine.

Ukipata siku ya kuja huku, njia ya mahujaji ya Francigena kutoka Monteriggioni hadi Siena ni kilomita 20 hivi, nyingi ndani ya msitu wa mialoni na kwenye barabara nyeupe za changarawe. Njoo kwa basi, kimbia kuelekea mjini. Viatu vya kawaida vya barabarani vinatosha. Lakini kusini-mashariki ya Siena, kwenye udongo wa mfinyanzi wanaouita *crete*, usiende siku mbili baada ya mvua. Anayeujua udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, wakati wa masika hahitaji kuelezwa: kila hatua kiatu kinaongeza kilo, meno ya soli yanajaa, na mwisho unakimbia na matofali mawili.

Kutoka: Kisumu

Mteremko ufanyie kazi kabla ya kupanda ndege, mdogo wangu. Ukishuka, msuli wa paja unafanya kazi huku unavutwa na kurefuka, na huko ndiko unakochanika vipande vidogo vidogo. Maumivu hufika kilele siku ya pili au ya tatu, ukashindwa hata kushuka ngazi. Bahati nzuri msuli hujifunza upesi, na dozi moja ndogo huulinda kwa wiki kadhaa.

Anza wiki nne kabla ya safari. Tafuta mteremko wa wastani wa udongo, si lami. Wiki ya kwanza teremka dakika 1 mara 6, panda kwa kutembea. Ya pili mara 8, ya tatu mara 10. Ya nne pumzika, usiteremke kwa nguvu ndani ya siku 7 za mwisho. Kwa wa Nakuru barabara ya Menengai inafaa, mkiwa wawili au zaidi na kwenye mwanga wa kutosha. Wa Kisumu tuna kilima cha Riat: matatu ya Kakamega ikushushe juu, ushuke kwa njia za ndani, si kandokando ya malori.

Hatua ziwe fupi na za haraka. Mguu utue chini ya nyonga. Anayeegemea nyuma anafunga breki kwa kisigino, na breki hiyo inalipiwa na goti. Macho mita 3 au 4 mbele. Kamba za viatu zifike tundu la juu kabisa, la sivyo vidole vinagonga mbele na kucha zinakuwa nyeusi kabla ya Novemba. Soli yenye meno ya milimita 4 inatosha kwa mawe ya Monti Pisani. Meno marefu zaidi yanateleza kwenye jiwe lililolowa.

Kutoka: Lanet, Nakuru

Asanteni sana. Maswali mawili: giza linaingia saa ngapi, na mbwa?

Kutoka: Lucca

Katikati ya Septemba jua huzama saa moja na nusu jioni kasoro kidogo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa nzima, ghafla jua linazama saa kumi na moja na robo. Desemba ni saa kumi na dakika arobaini, na asubuhi halichomozi hadi saa mbili kasoro dakika ishirini. Kwetu jua halibadiliki, ndiyo maana watu hushikwa na usiku mlimani. Beba tochi ya kichwani kuanzia Oktoba hata kama unatoka mchana. Ukiumia piga 112, wasomee namba ya njia iliyo kwenye alama ya mwisho uliyoipita.

Mbwa wa kuhofia ni yule mkubwa mweupe wa Maremma anayelinda kondoo. Kule nyumbani ukiinama kama unaokota jiwe mbwa anakimbia. Huyu haondoki, kazi yake ni kukaa na kundi. Acha kukimbia mara unapomwona, tembea, mikono chini, zunguka kondoo kwa mbali bila kupita katikati yao. Akishaona unaondoka anarudi.

Ukirudi nyumbani kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Mng'oe kwa kibano chembamba karibu na ngozi, bila mafuta wala kiberiti.

Kutoka: Siena

Na kama unawaza kushindana hata mara moja: waandaaji watakudai cheti cha daktari wa michezo cha riadha ya ushindani. Kipimo cha mkojo, cha pumzi, na cha moyo ukiwa umepumzika na baada ya zoezi. Kinadumu mwaka mmoja. Asiye na klabu hukata pia kadi ya Runcard ya shirikisho la riadha, FIDAL. Ikiwa umesajiliwa kama mwanariadha huko nyumbani, omba barua ya ruhusa ya Athletics Kenya kabla ya kuondoka, kuifuatilia ukiwa huku ni usumbufu. Weka nafasi kwa daktari wiki unayofika, si wiki ya mbio.