Mjadala: Zeze likiwekewa gitaa la umeme studio, bado ni muziki wa asili?

Mkaazi wa Dunda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Jana baada ya Isha tulikuwa kwenye kahawa hapa Bagamoyo, si mbali na soko la samaki, ukazuka ubishi ambao mpaka vikombe vinakusanywa haujaisha. Nimeona niulete hapa.

Kijana mmoja wa bodaboda alifungulia kwenye simu nyimbo mbili za marehemu Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Ya kwanza ni ya kwenye Chibite, santuri ya 1996: zeze, ilimba (sanduku lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole), na ile sauti yake inayoanzia chini kifuani kisha inaruka juu kama ya mtoto anayeitwa na mama yake. Ya pili ni ya kwenye Assembly ya 2002, aliyoifanya na Charles Zawose pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwimbaji ni yule yule, zeze ni lile lile, ila huko nyuma kuna gitaa la umeme linalovuta mlio mrefu usiokatika, na sauti za mashine zinatambaa chini kwa chini.

Mzee mmoja akasema, "Hii ya pili ni Mgogo aliyepotea uwanja wa ndege." Tulicheka wote. Yeye hakucheka.

Sasa hoja. Msanii wa asili akiingia studio akatoka na kitu kama hicho, bado ahesabiwe wa asili? Msidhani ni swali la kahawa tu. Hapa mjini tuna TaSUBa, taasisi ya sanaa, ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Tuna tamasha lililoanza 1982. Tuna vijana wanaotoka darasani ngoma mkono huu, kompyuta mkono ule. Wapangwe jukwaa lipi? Wafundishwe kipi?

Natoa msimamo wangu mapema nisije nikaitwa popo. Mimi naona gitaa halikuharibu kitu. Mzee Zawose alitolewa Ugogo akaitwa Dar es Salaam mwaka 1967, enzi za Mwalimu, akaja kuishi hapa kwetu mpaka alipofariki Desemba 2003. Nyimbo zilizozaliwa kijijini, ambako kila mtu anaitikia na hakuna mtazamaji, akazipiga jukwaani mbele ya wageni waliokaa kwenye viti na kupiga makofi mwishoni. Huo ndio uliokuwa mgeuko mkubwa, na sijasikia mtu akiulalamikia. Gitaa limekuja miaka 35 baadaye, ndilo limekuwa kosa? Na ilimba zake mwenyewe alizitengeneza kubwa, zenye vyuma vingi kuliko zile ndogo za kutembea nazo njiani. Hakusubiri mzungu amwambie aongeze kitu.

Karibuni.

Asili Haiuzwi

Mleta mada umeandika vizuri, ila umekwepa. Nani kasema Mzee asibadilishe kitu? Mimi nauliza ni nani aliyeshika usukani.

Huyo huyo Brook alishafanya santuri na Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji wa kawali, nyimbo za dini za Pakistani: Mustt Mustt ya 1990, Night Song ya 1996. Zisikilize, halafu rudi kwenye Assembly. Kawali ya Pakistani na nyimbo za Ugogo, wapi na wapi? Lakini zikishapita kwenye meza moja zinatoka zimevaa sare, ukungu ule ule, mwangwi ule ule. Mpe mpishi pweza na mbuzi, avipike vyote kwa mchuzi mmoja. Utakula pweza au utakula mchuzi?

Na tafadhali msituletee mfano wa Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, najua uko njiani unakuja. Ni kweli Julai 1965 alipanda na gitaa la umeme kwenye tamasha la nyimbo za asili pale Newport na wapo waliomzomea. Lakini yule alikuwa nyumbani kwao, na wenzake wa kwao, akigombana na mashabiki wa kwao. Hakuna aliyevuka bahari kwenda kumpamba.

Barabara ya Kumi na Mbili

Hodi, naingia kutoka Tanga. Watu wa Bagamoyo mnabishania jambo ambalo huku lilimalizika kitambo.

Taarabu ya Unguja ilikuwa ya fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi cha Kiarabu), watu wamekaa safu kwa safu wamenyooka. Huku kwetu vikundi vya Black Star, na baadaye Lucky Star, vikaja na wapigaji wachache, gitaa la umeme, besi, ngoma za kugonga kwa vidole. Bi Shakila akaimba juu ya hilo gitaa. Leo nenda Ngamiani ukaseme kwenye baraza kwamba ile si taarabu ya asili, uone kama utamaliza chai yako. Ndiyo tunayoiita ya zamani! Ndiyo tunayoililia kila tukisikia vinanda vya taarabu ya siku hizi, ambavyo (samahanini wapenzi) mimi vinaniumiza kichwa.

Kwa hiyo naona "asili" ni kile ulichokikuta ulipozaliwa. Kilichokuja ukiwa na miaka arobaini unakiita uharibifu.

Asili Haiuzwi

Mtanga, shukrani. Lakini wapigaji wa hilo gitaa walikuwa kina nani? Watu wa kwenu. Umejibu hoja yangu bila kujua.

Dada wa Kaole

Kaka zangu, mnagombania marehemu, walio hai mmewaruka. Pendo na Leah Zawose wametoa Maisha mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens, kampuni ile ile ya Real World iliyotoa za Mzee, na watayarishaji wakiwa wa Uingereza. Mashine zimo. Nisikiavyo mimi, zimekaa nyuma ya ngoma, na sauti za wale wanawake zimeachwa mbele kabisa, unasikia mpaka wanavyovuta pumzi.

Sasa angalieni jambo moja. Kwenye vikundi vya familia ile, kwa miaka mingi kazi ya mwanamke ilikuwa zaidi kuitikia na kucheza. Wanaume ndio walioongoza wimbo na kushika zeze. Hawa wawili wanaongoza wenyewe, nyimbo ni zao. Mimi nani niwaambie warudi mstari wa nyuma wakaitikie kwa sababu huo ndio utaratibu wa asili? Asili mnayoitetea wakati mwingine ni nafasi zenu tu.

La usukani nakubaliana nawe nusu, kaka Asili. Ila usukani hausikiki kwa masikio, unasomwa kwenye karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Kabla ya kubishana juu ya mwangwi, ulizeni jina la mtunzi limeandikwa nani, na hiyo rekodi ni mali ya nani baada ya miaka kumi. Wasanii wetu wangapi wanaweka sahihi kwenye boneti ya gari kwa sababu kuna pesa ya nauli?

Mpiga Ilimba

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mimi chombo hiki napiga na natengeneza, kwa hiyo niruhusiwe kurefusha.

Chukueni ilimba mkononi muiangalie. Ni sanduku la mbao lenye safu ya vyuma juu yake. Vingine unavipiga kwa vidole gumba na vya shahada. Vingine huvigusi kabisa, vinatetemeka vyenyewe jirani yake anapopigwa. Kwenye tundu la sanduku tunabandika utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai. Kazi yake ni moja tu, kuufanya mlio ukwaruze, uvume kama nyuki kwenye debe. Yaani babu zetu waliweka mkwaruzo na mwangwi makusudi, kwa buibui na chuma, kabla mtu hajauziwa mashine ya kukwaruza gitaa. Kwa hiyo anayeniambia muziki wa asili ni sauti kavu, safi, isiyo na madoido, huyo hajawahi kuweka sikio kwenye ilimba. Chombo hiki kilizaliwa na studio yake ndani.

Kinachoniuma mimi ni tyuni. Ngazi ya Kigogo, yaani mpangilio wa milio yetu, haikupimwa kwa kinanda. Inafuata ile milio midogo inayojificha ndani ya mlio mmoja mkubwa. Ukivuta uzi wa zeze ukaugusa kidogo kwa kidole sehemu mbalimbali utaisikia inatoka mmoja mmoja. Mlio wa saba katika mpangilio huo uko chini ya ule unaokaribiana nao kwenye kinanda, kwa karibu theluthi ya hatua moja ndogo, ile ya kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani yake. Kitufe chake hakipo. Kiko kwenye ufa kati ya kitufe na kitufe.

Sasa uende studio. Kijana wa mitambo anaweka kinanda, anaweka kliki (mgongo wa mashine wa kuhesabu mapigo) masikioni, halafu anakwambia, "Mzee, zeze lako halijatyuniwa." Limetyuniwa vizuri sana! Kinanda chake ndicho kisichojua. Ukikubali kulivuta zeze lifuate kinanda, wimbo umekwisha hapo hapo, hata kama humo ndani hakuna gitaa hata moja na mmevaa kaniki wote.

Asili Haiuzwi

Mkuu hapo umenishika. Basi jibu moja: Assembly inapita mtihani wako au haipiti?

Mpiga Ilimba

Kwa sehemu kubwa inapita, na sitaki kusema hivyo kwa sababu mimi napenda Chibite zaidi. Gitaa la Brook ni alilolibuni mwenyewe, lina uwezo wa kushikilia mlio bila kukoma. Mlio mmoja uliotulia chini hauisumbui ngazi yetu, unaibeba, kama maji yanavyobeba ngalawa. Uzi wa gitaa unaweza kutelezeshwa kidogo kufuata zeze. Shida ni pale midundo ya mashine inapoingia imepimwa kwa rula. Mzee anataka kuvuta pumzi, mashine imeshapita.

Mkaazi wa Dunda (mleta mada)

Nabadilisha kidogo kauli yangu. Nilisema gitaa halikuharibu kitu, bado nasema hivyo. Ila nilikuwa tayari kukubali chochote studio itakachoongeza, kumbe kuna cha kuongeza na kuna cha kunyoosha, na mimi nilivichanganya. Kijana wa TaSUBa akija na kompyuta yake kwenye jukwaa la asili, mimi nitamuuliza zeze lilimfuata nani. Akinijibu kwamba kinanda kilitolewa, au kilitelezeshwa kikafuata zeze, apande. Awe na mashine kumi, apande tu.

Dada wa Kaole, la mkataba nalibeba kesho kwenye kahawa. Najua watanyamaza.

Mpiga Ilimba, yalikukuta wewe mwenyewe hayo ya studio, au unasimulia ya wenzako?

Mpiga Ilimba

Yalinikuta. Jina la studio silitaji. Nilitoka mara moja kwenda kunywa maji, nikarudi nikamkuta kijana ana kitambaa mkononi, ameisafisha ilimba yangu. Ameutoa utando wote. Ananiambia kwa furaha kabisa, "Mzee nimeona kuna uchafu wa buibui hapa, ndio ulikuwa unakwaruza kwenye maiki." Ningemfanya nini? Alikuwa na nia njema. Tukarekodi hivyo hivyo, na mpaka leo sijausikiliza ule wimbo.

Kupata utando mwingine ilinichukua siku tatu. Huu wa kwenye kona za dari haufai, unakatika.

Dada wa Kaole

Mzee wangu, siku nyingine pita kwetu. Stoo ya nazi haijafagiliwa tangu mwezi wa Ramadhani, wamejaa tele humo.