Wafugaji wa nyoka: uligongwa ukiwa unafanya nini? Tupeane uzoefu

BabaNoor (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Najua kuna watu wakiliona tu neno nyoka wanaulizia panga liko wapi. Uzi huu si wa kubishana kama nyoka afugwe au asifugwe. Ni wa sisi ambao tayari tunaye ndani, hasa tulio Ulaya na Marekani ambako anauzwa dukani rafu moja na sungura.

Sharti langu ni moja: neno "ghafla" silitaki. Usiniandikie "alinigonga ghafla". Andika mkono wako ulitokea upande gani, ulikuwa umeshika nini kabla, alikula lini, macho yake yalikuwaje siku hiyo. Nyoka hana kinyongo na mtu wala hapangi njama. Kila aliyewahi kunisimulia alivyogongwa, ukimchimba kidogo unakuta sababu ilikuwepo kabla ya meno.

Kwa hawa wasio na sumu, kugongwa kuko kwa namna mbili. Kuna kwa woga: anagonga, anaachia, anarudi nyuma shingo ikiwa imepinda tayari kwa mara ya pili. Na kuna kwa njaa: anagonga, anang'ang'ania, na kabla hujafungua mdomo ameshaanza kujiviringisha mkononi. Wa kwanza alitaka uondoke. Wa pili alidhani wewe ni chakula. Ukichanganya haya mawili utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Mimi niko Leicester, nafuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wale wa Ghana, Togo na Benin wanaojikunja duara wakiogopa. Mpole mno, na aliponigonga ilikuwa kwa njaa. Panya alitoka friza, akayeyuka, akakaa sahanini mpaka akapoa, kisha nikamshika mkia kwa vidole. Chatu huyu ana vitundu kwenye midomo vinavyohisi joto. Gizani mbele yake kulikuwa na vitu viwili: panya wa baridi anayenuka panya, na mkono wa moto unaonuka panya vilevile. Ungekuwa wewe ungechagua kipi? Siku hizi panya namtia kwenye mfuko, mfuko kwenye maji moto, mpaka kichwa chake kipate joto kuliko vidole vyangu. Na namshika kwa koleo refu.

Karibuni.

Kisauni_Born

Mtoa mada umerogwa. Yaani unalala na chatu na shemeji yupo humo humo?

BabaNoor

Shemeji yako ndiye anayembadilishia maji. Endeleeni wakuu.

Chumvi_ya_Voi

Mimi niko Ujerumani. Kuna maonyesho makubwa ya reptilia pale Hamm, mara kadhaa kwa mwaka, watu wanatoka nchi zote jirani. Nilikwenda kutembea tu, nikakuta kibanda kinauza nyoka mfupi mnene wa rangi ya chungwa na madoa ya kahawia. Kibao kinasema "wa Kenya". Nikacheka peke yangu. Nimekua Voi, nikamwona mara moja tu maishani, kwenye shimo la mchanga, halafu namnunua kwa euro huku. Hawa wa hapa wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, hawakukamatwa porini, hilo niliuliza kwanza.

Sasa kuhusu meno. Huyu anaishi amezikwa mchangani, kilichobaki nje ni macho na pua tu. Anasubiri mtikisiko. Kitu kikipita juu, anafyatuka na kugonga kwa ubavu, si mbele kama wengine. Kwa hiyo ukiingiza vidole mchangani kumtafuta, umeshajifanya panya mwenyewe. Wengi wanaomfuga wamegongwa hivyo hivyo, nikiwemo mimi. Jeraha lenyewe dogo sana, nimewahi kuumizwa zaidi na mwiba wa mgunga.

Ninachofanya: napunguza mchanga kwa kijiko kikubwa kuanzia pembeni, nikimwona tumbo napitisha kijiko chini yake nikamwinua pamoja na mchanga wake. Akishakuwa hewani anatulia kabisa, hata mtoto anaweza kumshika.

mama_wawili

Asante kwa uzi. Sisi tuko Minnesota na wangu ni wale wembamba wekundu wanaoitwa nyoka wa mahindi. Wa watoto, lakini mjue kazi yote ni ya mama.

Binti yangu aligongwa kwa woga. Alirudi shuleni, akafunua kasha analojifichia nyoka, akashusha mkono kutoka juu moja kwa moja. Mtoa mada umeuliza macho: yalikuwa ya bluu ya ukungu, alikuwa anakaribia kujivua gamba. Siku zile haoni vizuri. Mnyama asiyeona vizuri, paa la nyumba yake limeondoka, na kitu kinashuka kutoka juu. Porini anayetoka juu ni mwewe.

Niliweka utaratibu. Macho yakianza ukungu nabandika karatasi nyekundu kwenye kioo, hakuna kumgusa mpaka gamba litoke. Baada ya kula, siku mbili nzima aachwe. Mkono uingie kutoka pembeni, chini, akiuona. Na mtoto wangu mdogo wa miaka mitatu hamshiki kabisa. Hapo sizungumzii meno, nazungumzia salmonela. Reptilia anaweza kuwa na vimelea hivyo bila dalili yoyote, na watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Sabuni kabla, sabuni baada. Kabla ni kwa ajili ya harufu ya chakula mikononi, baada ni kwa ajili yetu.

Mpare_Mtata

Naona hamjasema la msingi. Mlishe kwenye boksi la pembeni! Ukimlisha ndani ya tenki lake anazoea kwamba mlango ukifunguka ni msosi, ndiyo maana anarukia mikono.

BabaNoor

Mkuu hilo nililiamini pia nilipoanza, kila duka linakuambia hivyo. Lakini fikiria unachokifanya. Nyoka ameshameza, bado mwili wake wote uko kwenye kuwinda, ananusa panya kila mahali. Ndipo unaingiza mkono kumrudisha nyumbani. Umechagua dakika mbaya kuliko zote. Na ukimtikisa tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika, kitu kinachomdhoofisha sana.

Badala yake mpe ishara. Siku isiyo ya kula, kabla ya kumgusa kwa mkono, mguse taratibu ubavuni kwa fimbo ya kulabu. Siku ya kula, fimbo haionekani. Baada ya muda anajua: fimbo ikinigusa hakuna panya leo.

Mpare_Mtata

Sawa, ila wangu wa boksi hajawahi kunigusa. Siachi.

Mzee_wa_Njiro

Nyie mnazungumzia vinyoka vya kuvaa shingoni. Ujana wangu nilisaidia kwenye bustani moja ya nyoka huku Arusha. Chatu wetu huyu wa Afrika Mashariki si huyo wa Ghana. Ana urefu, ana nguvu, na hasira ziko karibu.

Yule wetu alizidi mita tatu. Mwenzangu alitoka kuchinja kuku, akafuta mikono kwenye shati, akaingia kumsafishia. Alinawa? Alinawa. Shati hakubadilisha. Chatu akagonga pale pale kwenye shati, karibu na kiwiko, akazungusha mizunguko miwili. Kilichomwokoa ni kwamba tulikuwa wawili, na sheria ya pale ilikuwa hiyo: mkubwa haingiliwi na mtu mmoja.

Vijana wengi hawajui hatua inayofuata. Usivute! Meno ya chatu yamepinda kuelekea koo, safu nne juu na mbili chini. Ukivuta mkono unajichana mwenyewe, na meno mengine yanakatikia ndani ya nyama. Nilianza na mkia, nikamfungua mzunguko mmoja mmoja kuelekea kichwani. Ukianza kichwani ana mwili wote wa kukushinda nao. Kisha tukamdondoshea Konyagi kidogo pembeni ya mdomo. Akaachia, uso umekunjamana kama mtoto aliyepewa klorokwini. Maji ya baridi nayo hufanya kazi, ila Konyagi ilikuwa karibu (msiniulize kwa nini).

KijanaWaMalindi

Naomba niseme kwa wale wa nyumbani wanaosoma hapa wakapata hamu ya kuokota nyoka vichakani. Kwanza kisheria: Kenya kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013, Tanzania ya 2009, huwezi kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali. Pili, hujui ulichookota.

Binamu yangu alimkuta nyoka mdogo mweusi, mwembamba, kichwa hakitofautiani na shingo. Anaonekana hana madhara yoyote. Akamshika nyuma ya kichwa, vile wanavyoshika kwenye televisheni. Huyu ni nyoka wa chini ya ardhi ambaye jino lake linatoka pembeni ya mdomo bila hata kuufungua. Hakuna namna salama ya kumshika kwa vidole. Anageuza kichwa kidogo tu, jino limeingia. Kidole kilivimba, kikawa cheusi ncha. Na zile dawa za kuzuia sumu tunazoletewa kutoka Afrika Kusini hazimhusu huyo.

Huku kwetu ukimwona nyoka nyumbani, kituo cha nyoka cha Bio-Ken kiko Watamu tangu 1980, hiyo ndiyo kazi yao. Mpigie anayejua.

Chumvi_ya_Voi

Naongezea kwenye hilo. Hata wataalamu wameondoka hivyo. Mwaka 1957 Karl Schmidt wa makumbusho ya Field, Chicago, aliletewa nyoka mdogo wa miti kutoka Afrika, yule anayeitwa boomslang, amtambue. Akagongwa kidole gumba, akaona jeraha ni dogo, hakwenda hospitali, akawa anaandika dalili zake mwenyewe. Kesho yake akafariki. Na mwaka 1975 Robert Mertens, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Senckenberg hapa Frankfurt, aligongwa na nyoka wake wa nyumbani, yule mwembamba anayefanana na kijiti, akiwa anamlisha. Alifariki baada ya siku 18. Dawa ya sumu ya nyoka huyo haikuwepo, na hata leo haipo. Jamii zote mbili za nyoka hao zinapatikana pwani yetu, na wote wawili watu waliwadharau kwa sababu meno yao ya sumu yako nyuma.

Muuguzi_Kusini

Nimesoma kimya, nitoe la kikazi.

Nyoka asiye na sumu: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa kutosha. Angalia kama kuna jino limebaki. Uliza lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Pakizidi kuvimba, kuuma au kutoa usaha, njoo.

Nyoka mwenye sumu au usiyemjua: usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usiweke jiwe jeusi. Tunapokea watu mguu umefungwa mpira wa baiskeli tangu asubuhi, na mara nyingine hiyo kamba ndiyo inayotupa kazi kuliko sumu. Vua pete, bangili na viatu kabla hapajavimba. Kiungo kitulie kama kimevunjika, mgonjwa asitembee, abebwe hospitali. Nyoka asifukuzwe, picha kwa mbali inatosha. Swila akikutemea machoni, maji safi mengi mara moja, usisugue.

mama_wawili

Asante sana dada. Mtoa mada, hiyo fimbo ya kulabu mnanunua wapi? Za dukani huku bei imesimama. Na glavu za ngozi zinasaidia?

BabaNoor

Glavu nene mimi siziungi mkono kwa nyoka wa saizi yako. Huhisi unambana kiasi gani, na akibanwa ndipo anapogonga kwa woga. Wengine zinawapa ujasiri wa kutosoma shingo yake.

Fimbo usinunue. Tafuta waya mnene wa chuma, urefu wa mkono wako, ukunje ncha iwe nusu duara pana kuliko unene wa nyoka, kisha usugue ncha kwa msasa mpaka iwe butu kabisa. Upande wa kushika zungushia utepe wa raketi. Ukimaliza weka picha hapa tuone.