Kufungua ukuta wa kukwea katika kisiwa cha watalii: mnara wa ufukweni unafaa?

Swali kutoka kwa Mkwezi Mwambao

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi na mwenzangu tumekuwa tukipanda miamba kwa miaka kadhaa, na sasa tunakusudia kufungua ukuta wa kukwea katika kisiwa cha nchi za joto ambacho uchumi wake unategemea watalii. Tumechora mnara wa mita 12 unaosimama wazi hatua chache kutoka ufukweni, ili kila anayepita kutoka hotelini awaone watu wakining'inia juu na kushawishika kujaribu. Tungeweka njia kumi za kamba, tukaajiri vijana wawili wa kushika kamba, na kuuza vipindi vya nusu saa.

Nina mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza ni hewa ya bahari, kwa kuwa muuzaji wa vifaa ametuhakikishia kwamba chuma cha pua hakishiki kutu kabisa, lakini sijui nimwamini kwa kiasi gani. La pili ni wateja: je, watalii peke yao wanatosha kuendesha ukuta? Kuna pia jabali la mawe ya chokaa upande wa pili wa kisiwa, na wapo wanaotushauri tuachane na ukuta na kwenda kulitoboa jabali hilo ili kuweka nanga, yaani vyuma vya kufungia kamba.

Jibu la Fundi Chuma

Ndugu Mkwezi, nianze na muuzaji wako. Hakudanganya kwa makusudi, ila amekueleza habari za chuma kilicho mbali na bahari. Chuma cha pua kinajilinda kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromu, na chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa wa utando huo. Daraja la 304, ambalo ndilo hupatikana kwa urahisi madukani, hutobokatoboka mapema karibu na maji ya chumvi. Daraja la 316, lenye molibdenamu kidogo, huvumilia zaidi, na kwa ukuta ulio chini ya paa na unaooshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara linatosha.

Kwenye jabali hali ni nyingine, na hapo nakuomba usome polepole. Katika miamba ya chokaa iliyo kando ya bahari ya joto, kama vile Railay nchini Thailand na Cayman Brac katika Karibi, nanga za chuma cha pua, hata za daraja la 316, zilikutwa zimepasuka ndani kwa ndani baada ya miaka michache tu, nyingine zikikatika kwa uzito wa mtu. Kloridi iliyomo kwenye chumvi, joto na mvutano uliomo ndani ya chuma chenyewe vikikutana, nyufa nyembamba kama unywele huanza kusafiri bila kutu kubwa kuonekana kwa nje. Nanga inang'aa, nawe unaiamini. Ndiyo sababu wapandaji wa sehemu hizo walihamia kwenye nanga za metali ya titani zinazogundishwa kwa gundi maalumu ndani ya tundu. Hivyo wanaowashauri mtoboe jabali wawaambie kwanza kama wako tayari kulipia titani, na nani atazikagua nanga hizo miaka kumi ijayo. Bila majibu hayo, liacheni jabali lilivyo.

Nikirudi kwenye ukuta, watu huangalia nanga za juu na kusahau vitu vidogo. Vishikio hufungwa kwa bolti za milimita 10 zinazoingia kwenye nati zenye meno zilizopigiliwa nyuma ya plaiwudi. Nati zilizopakwa zinki zikishika kutu, siku unayotaka kubadilisha njia bolti haifunguki, nati inazunguka pamoja nayo ndani ya ubao, na kazi ya dakika moja inageuka kuwa ya kukata kwa msumeno. Niliwahi kutumia wiki nzima nyuma ya ukuta mmoja kwa kazi hiyo, nikiwa nimejikunja kama kaa. Agizeni nati na bolti zote za chuma cha pua tangu mwanzo, na msichanganye chuma cha pua na chuma cha zinki mahali pamoja, kwa sababu vikilowa maji ya chumvi kimoja humla mwenzake. Kingo za plaiwudi zizibwe kwa rangi kabla ya kufungwa, maana unyevu huanzia pale pale palipokatwa.

Kuhusu mnara wenyewe, ukuta wa mita 12 uliosimama wazi ni sawa na tanga. Visiwa vilivyo karibu sana na ikweta hupigwa na vimbunga kwa nadra, lakini hata upepo wa kawaida wa msimu unasukuma bapa kubwa namna hiyo kwa nguvu ambayo lazima ihesabiwe na mhandisi. Mwulizeni mjenzi kama anafuata kiwango cha Ulaya cha EN 12572, ambacho sehemu yake ya kwanza inahusu kuta za kamba, ya pili kuta fupi zisizo na kamba, na ya tatu vishikio. Asiyekijua msimpe kazi.

Jibu la Msimamizi wa Ukuta

Ninaongeza machache upande wa wateja, kwa sababu nimeendesha ukuta katika mji wa watalii kwa muda wa kutosha kuona makosa yangu mwenyewe. Mtalii huja mara moja. Anapanda mara tatu, mikono inachoka, anapiga picha, anaondoka, na msimu ukiisha anaondoka pamoja na wenzake wote. Anayelipia mishahara ya miezi mitupu ni mkazi: mwalimu wa kupiga mbizi, mfanyakazi wa hoteli anayemaliza zamu jioni, mtoto wa shule anayeletwa na mzazi kila Jumamosi. Watu hao hawahitaji mnara wa kuonekana kutoka baharini. Wanahitaji kivuli, taa za jioni, njia zinazobadilishwa kila baada ya wiki chache, na tiketi ya mwezi wanayoimudu.

Kwa hiyo mimi ningekushauri uanze na ukuta mfupi usio na kamba, wa mita nne hadi nne na nusu, chini ya paa lenye pande wazi, na usiwe ufukweni bali ndani kidogo ambako chumvi imepungua. Mgeni hujifunza jinsi ya kuanguka kwa maelezo ya dakika kumi na kuanza kupanda, na mfanyakazi mmoja anaweza kuangalia watu kadhaa kwa pamoja. Kwenye ukuta wa kamba kila mgeni asiyejua anahitaji mtu wa kumshikia, hivyo vijana wako wawili wanatosha wateja wawili tu kwa wakati mmoja, na njia nane zilizobaki zinakaa bure. Hesabu hiyo ndiyo ingewaangusha kabla ya kutu.

Jua nalo lisisahaulike. Vishikio vyeusi vikichomwa na jua la adhuhuri havishikiki, na kiganja chenye jasho hakisaidiwi kwa muda mrefu na unga wa magnesia ambao wapandaji hujipaka mikononi. Wateja wako halisi watakuja asubuhi na baada ya saa kumi jioni, basi pangeni zamu kwa kufuata saa hizo.

Jibu la Mpandaji Mtaratibu

Naona swali la washika kamba litakufikisha kwenye mashine zinazomshusha mpandaji taratibu zenyewe. Ni nzuri, hasa zenye breki ya sumaku, lakini watengenezaji hutaka zikaguliwe kila mwaka, na kutoka kisiwani maana yake ni kuzipakia na kuzisafirisha, kwa hiyo uwe na ya akiba. Jambo kubwa zaidi ni kwamba ajali zake nyingi hazitokani na mashine kuharibika, bali mpandaji husahau kujifunga, anapanda mpaka juu, kisha anajiachia. Kila njia iwekewe kizuizi cha turubai kinachofunika vishikio vya chini, ambacho hakiwezi kuondolewa bila kuishika karabina, ile pete ya chuma ya kumfunga mpandaji kwenye mashine.

Mkwezi Mwambao anajibu

Nawashukuru sana. Nakiri kwamba hesabu ya washika kamba sikuwahi kuifanya, na nimemsomea mwenzangu kifungu hicho mara mbili. Tumekubaliana kuuacha mnara na kutafuta kiwanja upande wa ndani. Nina maswali mawili yaliyobaki, na la kwanza ni magodoro ya kuangukia. Katika unyevu huu, sponji haitaoza? Na kama baadaye tutaongeza njia tatu za kamba, kamba zenyewe zitadumu kwa muda gani?

Fundi Chuma anajibu tena

Magodoro ya kuangukia huwa na unene wa sentimita 30 au zaidi, na yakilowa kwa ndani hayakauki tena. Yainueni kutoka sakafuni kwa fremu ya mbao zenye nafasi ili hewa ipite chini, paa litokeze vya kutosha mvua ya upepo isiyafikie, na chagueni kifuniko chenye zipu ili muweze kukagua sponji kila mwezi kwa pua zenu wenyewe, kwa kuwa ukungu hunukia kabla haujaonekana.

Kamba za kukwea ni nailoni, na jua la moja kwa moja huidhoofisha nailoni bila kuibadilisha sana sura, kama ambavyo maji huipunguzia nguvu inapokuwa imelowa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka kumi hata kwa kamba isiyotumika, lakini kwenye ukuta wa biashara haitafika huko. Zihifadhini ndani kila jioni, zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini, na kila kamba iwe na daftari lake lenye tarehe ya kuanza kutumika na jina la aliyeikagua. Ikiwa ngumu mahali, au ala ya nje ikichanika mpaka kiini kikaonekana, ikateni vipande siku hiyohiyo ili asipatikane mtu wa kuirudisha ukutani kwa kuionea huruma.

Mkishapata kiwanja, leteni vipimo vyake hapa, pamoja na upande ambao upepo hutokea wakati wa mvua, ili tujue paa lielekee wapi.