Mjamzito TSH iko chini, kichanga TSH iko juu: naomba ushauri

Nyota_Pwani: Habari zenu wakuu. Nina vyeti viwili vya maabara. Cha kwanza ni cha mjamzito wa wiki 10: TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo) 0.15, FT4 (homoni ya tezi yenyewe) 17 pmol/L, anatapika asubuhi. Cha pili ni cha mtoto wa mdogo wake, damu ilichukuliwa akiwa na saa 20 tu: TSH 28. TSH zote mbili zimelinganishwa na 0.4 hadi 4.0. Mama ameambiwa aanze kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi. Mnasomaje?

Kitendanishi: Pole dada. Kabimazoli isubiri kwanza, tena hasa wiki hizi ambapo viungo vya mtoto vinaumbika. Kiwango hicho ni cha mtu mzima asiye na mimba. Kati ya wiki ya 8 na 11, hCG, ile homoni inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo, hufika kileleni. Umbo lake linafanana na TSH, hivyo huichochea tezi ya shingo, na ubongo nao hupunguza TSH. Wiki hizo 0.1 bado inakubalika. FT4 yake haijapanda, basi arudie vipimo vyote viwili baada ya wiki 4. Nitabadili mawazo FT4 ikipanda, akiwa na goita (uvimbe wa tezi shingoni), au macho yakitokeza. Hapo apimwe kingamwili za TRAb, zile zinazoichochea tezi, kabla ya dawa yoyote.

Muulize pia kama anameza biotini ya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine inashusha TSH na kupandisha FT4 kwenye karatasi tu, mwilini hakuna kitu. Aache siku 2 au zaidi kabla ya kutoa damu.

Mkunga wa Zamu: Kwa mtoto, tatizo ni hizo saa 20. Akizaliwa tu, ndani ya nusu saa TSH hupaa hadi 60 au 80, kisha hushuka taratibu. Damu ya kisigino ichukuliwe baada ya saa 48. Lakini msichelewe kurudia! Ikizidi 40 kwenye kipimo hicho, itolewe damu ya mshipa na dawa ianze siku hiyohiyo, kabla ya wiki 2 kupita, maana ubongo wake unaitegemea homoni ya tezi. Na FT4 ya kichanga kwa kawaida iko juu kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo msifarijiwe na FT4 "ya kawaida" ya kiwango cha watu wazima.

Nyota_Pwani: Asanteni sana. Ikibidi dawa, kichanga anapewaje?

Mkunga wa Zamu: Levothairoksini (homoni ya tezi iliyotengenezwa kama dawa), mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo; wa kilo 3 anapata 30 hadi 45 kwa siku, daktari ndiye apange. Ponda kidonge kwenye kijiko, tia matone ya maziwa ya mama, mnyweshe papo hapo. Matone ya madini ya chuma yakae mbali nayo kwa saa 4. Usiitie kwenye kikombe kizima cha maziwa: akiyabakiza, hutajua amemeza kiasi gani.